ADABU YA KOFIA
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na makarani, Same



Katibu wa Chama alipotuandikia kututaka tuzungumze nanyi, alitupa hiari ya kuchagua shauri lenyewe. Tumechagua kofia. Twaona baadhi yenu mnatabasamu, wala hatuwalaumu, maana kofia ni kitu kidogo, na mbele ya mishahara, nyumba na uhamisho haionekani kuwa na uzito wowote. Lakini si siku nyingi zilizopita, katika afisi moja ambayo hatutaitaja, mzee mmoja aliteremka toka milimani kufuata hati ya shamba lake, akarudi mikono mitupu kwa sababu ya kofia aliyoivaa. Kwenda na kurudi kwake ni siku nzima, na nauli ya gari la milimani kila mmoja wetu aijua. Jambo lililomgharimu mtu siku nzima na nauli yake halifai kuitwa dogo.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mzee alifika dirishani amevaa koti na baraghashia nyeupe, safi, iliyopigwa pasi. Karani, kijana mwerevu na mwenye kazi nzuri, akamwambia, "Mzee, hapa ni afisini, watu huvua kofia." Mzee akajibu kwa upole, "Mwanangu, hii nimeivaa kwa ajili ya kuja kwenu." Karani akadhani ajibiwa kwa kiburi. Akamwita mtu wa pili. Mzee akangoja, akangoja, kisha akaondoka.

Tukilitazama neno lile la mzee twaona kwamba hapakuwa na kiburi ndani yake hata kidogo. Kofia ile ilikuwa sandukuni, na sanduku halikufunguliwa illa kwa ajili ya Idi, arusi, na kwenda kwa Serikali. Mzee alimheshimu karani kwa kuivaa, naye karani alitaka aheshimiwe kwa kuvuliwa. Watu wawili wenye nia moja, kila mmoja akamwona mwenzake hana adabu! Kosa hili latufaa sisi makarani kulichunguza, kwa kuwa sisi ndio tulio upande wa ndani wa dirisha.

Wala kijana yule si mtu mbaya. Twamfahamu kwa sababu tulilelewa kama yeye. Nasi tulisoma katika shule ya sekondari ya misheni, na huko tulifunzwa kuvua kofia mlangoni mwa darasa, mlangoni mwa chumba cha kulia, na mlangoni mwa kanisa. Mvulana aliyesahau, kofia yake ilifungiwa kabatini hadi mwisho wa muhula. Malezi yale yametufaa, na hata leo tukiingia chumbani mkono wenyewe huinuka kwenda kichwani kabla hatujafikiri. Lakini miaka yote minne hatukuambiwa sababu. Tulipewa tendo bila maana yake, na ndiyo maana wengi wetu tulitoka shuleni tukidhani kwamba kila mwanamume akaaye ndani na kofia ni mshamba.

Basi tutafute sababu. Katika desturi ya Wazungu, ambayo ndiyo iliyotujia kwa njia ya misheni na ya boma, sababu zake ni zaidi ya moja. Ya kwanza ni ya dini. Mtume Paulo, katika Waraka wake wa Kwanza kwa Wakorintho, mlango wa 11, aagiza kwamba mwanamume asalipo asifunike kichwa, na mwanamke akifunike. Kutoka hapo kanisa likawa mahali pa wanaume kuvua. Ya pili husimuliwa kuwa ni ya vita, kwamba shujaa wa zamani aliyevaa kofia ya chuma aliivua mbele ya rafiki ili kuonyesha kwamba hana hofu naye. Hiyo ya pili hatuwezi kuiapia, lakini yapendeza.

Sababu ya tatu ndiyo nzito, nayo ni cheo. Katika Ulaya ya kale mdogo alivua mbele ya mkubwa, na mkubwa akabaki na yake kichwani. Kuvua kulikuwa kodi ndogo iliyolipwa kila mlipokutana njiani. Na Wazungu wenyewe walikuwako waliokataa kuilipa. Huko Uingereza, katika karne ya 17, watu wa dhehebu la Marafiki, waitwao Wakweka, walisema hawatamvulia kofia mwanadamu yeyote, bali Mungu peke yake. Mwaka 1670 wawili wao, William Penn na William Mead, walishtakiwa huko London kwa kuhubiri barabarani. Walipoingizwa barazani kofia zao zilikuwa zimekwisha vuliwa na askari mlangoni. Mkubwa wa baraza akaamuru warudishiwe kichwani. Zilipokwisha rudishwa wakaulizwa kwa nini wamevaa kofia mbele ya mahakama, wakatozwa faini! Wazee wa baraza waliosikiliza kesi walikataa kuwahukumu katika shtaka la kuhubiri, ijapokuwa na wao walifungwa kwa ukaidi huo. Penn yule ndiye aliyekuja kuanzisha nchi ya Pennsylvania huko Marekani.

Tumekileta kisa hiki kwa kusudi. Karani ajidhaniaye kwamba anailinda adabu ya Kiingereza na ajue kwamba Waingereza wenyewe waligombana juu yake hata mahakamani.

Sasa tuiache Ulaya, tuje pwani yetu, ambako mambo yamegeuzwa juu chini. Kwa Mwislamu kichwa kilichofunikwa ni heshima. Aingiapo msikitini huvua viatu na kuacha kofia. Mkristo aingiapo kanisani huvua kofia na kuacha viatu. Fundi Singasinga, ambaye wengi wenu mmewaona wa kabila lake katika kazi za reli na useremala, havui kilemba chake nje ya nyumba yake kwa amri ya mtu, kwa kuwa ni sehemu ya dini yake. Myahudi naye hufunika kichwa asalipo. Hesabuni wenyewe mwone ni watu wangapi duniani humheshimu Mungu kwa kufunika, na wangapi kwa kufunua.

Baraghashia yenyewe, kama jina lilivyo, hukumbusha Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja toka 1870 hata 1888. Ile iliyo nzuri kabisa hushonwa kwa mkono, vitundu vidogo vidogo vikizungushiwa uzi kimoja kimoja, na fundi aweza kuimaliza kwa majuma mengi. Lamu na Unguja zina sifa kwa kazi hii, na watu wa Oman nao wana kofia zilizo ndugu moja na zetu. Mwalimu Nyerere, ambaye alikuwa Mkatoliki, alionekana mara nyingi na kofia ya namna hiyo, wala hatujasikia mtu aliyemwambia aivue kwa kuwa si ya kanisani kwake.

Lakini liko jambo la pwani ambalo kila karani yafaa alijue kabla hajamwambia mtu avue. Katika Unguja ya karne ya 19 mtumwa mwanamume alikwenda kichwa wazi na miguu mitupu. Kofia na viatu vilikuwa vya waungwana. Utumwa ulipoondolewa katika sheria ya Unguja mwaka 1897, wengi waliokuwa watumwa hawakungoja kufundishwa. Walinunua kanzu, wakanunua kofia, wakazivaa mchana kweupe. Huku bara sheria ya kuondoa utumwa katika Tanganyika ilitoka mwaka 1922. Ndio mwaka ule ule Bwana Martin Kayamba na wenziwe walipoanzisha huko Tanga chama cha watumishi wa Serikali Waafrika, ambacho vyama vyetu vyote vya namna hii hukitazama kama babu. Basi kichwa kilichofunikwa kilikuwa hati ya uhuru aliyoweza kuisoma hata asiyejua herufi.

Na uhuru huo ulipiganiwa upya katika nchi nyingi. Katika Nyasaland, iitwayo leo Malawi, palitokea maasi ya John Chilembwe mwezi wa Januari 1915. Tume ya Serikali iliyochunguza asili ya maasi yale ilisikia malalamiko ya ardhi na ya kazi za mashamba, na pamoja nayo malalamiko ya kofia, kwamba Mwafrika aliyevaa kofia alitakiwa aivue apitapo mbele ya Mzungu, na asipovua alipata taabu. Waliolalamika hawakuwa washenzi wasiojua adabu. Wengi walikuwa watu wa misheni, waliojua kusoma, waliovaa suti na chepeo. Kwa maneno mengine, watu kama sisi. Walijua kuvua kofia kanisani kuliko wale waliowaamuru kuivua njiani. Hawakuchukia kuvua. Walichukia kuvulishwa, na na yule mwenye kuvulisha akabaki na yake kichwani.

Serikali nazo zimejaribu mara nyingi kutawala vichwa vya watu kwa njia ya kofia. Tarbushi nyekundu, ambayo askari wa Keya waliivaa katika gwaride, wengi hudhani ni vazi la dini tangu zamani. Kumbe katika dola ya Waturuki ni Sultani Mahmud wa Pili aliyeamuru mwaka 1829 kwamba watumishi wa Serikali waivae, wengi wakanung'unika wakisema ni kitu kigeni. Hata mwaka 1925 Serikali mpya ya Mustafa Kemal ikatoa sheria ya kuikataza na kuwataka wanaume wavae chepeo ya Kizungu; wakanung'unika tena, maana kile kigeni kilikuwa kimekwisha kuwa cha babu zao. Watu walifungwa kwa jambo hilo, na wengine wakanyongwa. Miaka 96 tu, kofia ile ile ikatoka kuwa amri ikawa kosa.

Turudi nyumbani Upare, ambako tuna shule ya jambo hili kuliko vitabu. Wasabato walifika Giti mwaka 1903. Walutheri, Wakatoliki na Waislamu wote wana miji yao na nyumba zao za ibada kutoka Usangi hata Gonja, na mara nyingi wote hao ni wa ukoo mmoja, baba mkubwa huku na baba mdogo kule. Nendeni mazikoni. Jeneza au jeneza lisilo na kifuniko, mchungaji au shehe, kandokando ya kaburi mtaona ndugu wa tumbo moja wamesimama, mmoja ameshika kofia kifuani na mwingine ameikaza kichwani. Wote wawili wanamheshimu maiti mmoja. Hatujapata kusikia huko milimani kwamba ndugu alimwambia nduguye kando ya kaburi, vua, au vaa. Twashangaa basi kwamba jambo lililokwisha kupatana makaburini halijapatana dirishani kwa karani.

Tena iko hali ya nchi yenyewe, ambayo haikuuliza dini ya mtu. Hapa Same twakaa uwandani, upande ambao milima imetunyima mvua, jua ni kali na vumbi ni jingi. Kule juu, Chome na Mbaga na pande za Shengena, kuna ukungu na baridi, na mtu huamka alfajiri na kofia ya sufi hata masikioni. Ateremkapo kwa gari la asubuhi hufika kwetu bado ameivaa, ametoka jasho, naye haoni sababu ya kuivua, kwani hana pa kuiweka na jioni ataihitaji. Huyu naye si mtu wa dini fulani wala mwenye kiburi. Ni mtu aliyetoka kwenye baridi.

Hapa twataka kusema kidogo juu ya ndugu zetu wenye ualbino, maana kwao kofia si adabu, ni uhai. Katika nchi yetu hukadiriwa kwamba huzaliwa mmoja katika kila watoto 1,400 hivi. Ngozi yao haina kinga ya jua, na saratani ya ngozi huwaua wengi wangali vijana. Ndiyo sababu huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta maalum ya kuwakinga. Lakini mafuta bila kofia pana ni nusu ya kinga. Tena macho yao huumizwa na mwanga, hata mwanga wa dirishani na wa taa, kwa hiyo ukingo wa kofia huwasaidia ndani ya nyumba pia. Mwalimu amwambiaye mtoto wa namna hii avue kofia uwanjani wakati wa wimbo wa taifa, au karani amwambiaye kijana avue barazani penye jua, na ajue analolifanya. Kadhalika kuna wagonjwa ambao dawa zimewaondoa nywele. Hawa hawapaswi kutueleza ugonjwa wao mbele ya foleni ili tuwaruhusu kubaki walivyo.

Kwa upande wa akina mama hatuna maneno mengi. Kilemba, mtandio, ushungi, kitambaa cha kanisani, vyote ni sehemu ya vazi, na desturi ya Kizungu yenyewe haikumtaka mwanamke avue kofia ndani. Mwanamume awezaye kumwambia mama wa watu afunue kichwa dirishani hatujui alilelewa wapi.

Sasa mtatuuliza, je, hakuna mahali pa kumwambia mtu avue? Pako. Benki zina haki ya kuandika mlangoni kwamba kofia, miwani ya jua na helmeti za pikipiki zivuliwe, maana mwizi hupenda kuficha uso. Kijana wa bodaboda aingiaye na helmeti hajui hata kama tunamsikia. Huyu na avue, kwa faida yake na yetu. Picha ya kitambulisho yataka uso wote uonekane. Lakini tazameni, katika hayo yote kinachotakiwa ni uso, wala si heshima. Baraghashia haifichi uso. Kilemba hakifichi uso. Mtu akituonyesha uso wake amekwisha maliza deni lake kwetu, na kilichobaki juu ya nywele ni chake.

Juu yetu sisi wenyewe, makarani, shauri ni jingine. Aliyelelewa katika desturi ya kuvua na avue aingiapo afisini, wala asiiweke kofia juu ya meza ya chakula wala juu ya majalada ya watu. Akiitwa na mkubwa wake aingie kichwa wazi, kama alivyozoea. Na mwenzake Mwislamu aingie na yake, na mkubwa asione tofauti. Yule mwenye sare ana kanuni za sare yake. Askari wetu wamerithi desturi ya Kiingereza ya kutopiga saluti kichwa wazi, hivyo kumwambia avue ni kumzuia asituheshimu. Na karani akikutana na mzee njiani, akainua chepeo yake kidogo kumwamkia, hakuna atakayemcheka. Lugha yetu imekwisha pokea hata msemo wa kumvulia mtu kofia kwa maana ya kumsifu. Tofauti ni kwamba sifa hiyo hutolewa na mwenyewe kwa hiari yake.

Kuna watakaosema kwamba tukiwaacha watu na kofia zao watatudharau. Sisi twadhani hawa hawawajui watu wa milima hii. Mwaka 1945 watu wa Upare waliteremka kwa maelfu hapa hapa Same, wakakaa mbele ya boma wakiikataa kodi ya mbiru, ile iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu. Hawakupiga mtu. Walikaa tu, wakangoja, na mwisho kodi ile ikaondolewa. Watu wenye subira ya namna hiyo hawatudharau kwa sababu ya kofia zao. Wakitudharau itakuwa kwa sababu ya hati zisizotoka.

Bwana Mwenyekiti, hatukuja na maneno matupu. Twaleta mashauri mawili yajadiliwe kabla ya kufunga mkutano. La kwanza, Chama kinunue vigingi sita vya kutundikia kofia, vipigiliwe nyuma ya mlango wa ukumbi huu, kwa ajili ya wapendao kuvua. Bei yake tumekwisha iuliza kwa seremala, na mtunza fedha anayo. La pili, wanachama walio katika afisi zenye madirisha ya watu wawaombe wakubwa wao waondoe vibao visemavyo "Vua kofia", na badala yake waandike hivi: "Tafadhali uso wako uonekane. Karibu."